Hiyo Ilikuwa Salamu Tu

4 Februari

Mpwa wangu kipenzi,

Unasoma barua ya mtu ambaye bila yeye mji huu mzima ungepotea. Usicheke. Ng'oa mabango yangu yote leo uone kesho: wagonjwa wataingia kwa kinyozi, na wenye nywele watachomwa sindano. Ule mshale niliouchora kona ya benki, mbuzi watatu waliufuata wakaingia ndani wakapanga foleni. Meneja alitoka mwenyewe kunipa mkono. Ndiyo maana nikisikia unasomea kupanga kurasa za simu ili mtu asipotee ndani yake, nasema damu si maji. Umerithi kwa Mjomba.

Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Mama yako naye hajambo, ila ni moyo wake ule ule. Akipanda ngazi anasimama katikati, anajifanya anatazama picha ukutani. Ukutani hakuna picha.

Simu uliyomtumia imefika, na programu yako imo ndani. Asubuhi inalia, anaifungua, inamuuliza, "Habari ya leo, Mama?" Chini kuna vitufe vitatu: Nzuri, Hivi hivi, Mbaya. Akibonyeza kimoja inamjibu, "Asante. Tuonane kesho." Na nesi kule kliniki analiona jibu. Mama yako alicheka mpaka akashika ubavu. "Mtoto huyu kaifundisha simu adabu!"

Umesema mwalimu wenu anataka watu watazamwe wakiitumia. Nimemtazama. Kazi safi, haina doa. Mjomba ameipitisha.

Mjomba wako,
Mchora Mabango Mkuu

---

19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini wewe na Mama mu wazima. Mimi sijambo, usingizi tu ndio haba.

Nimecheka kuhusu mbuzi. Lakini Mjomba, naomba tuelewane. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kweli. Kliniki imewapa programu wagonjwa wake wa moyo, na nesi anampigia simu yule tu ambaye jibu lake ni baya. Mama ni mmoja wao. Ikifaa, nimepata kazi. Isipofaa nataka kujua mapema, kwa ajili yake kuliko yangu.

Mwalimu ana msemo wake: sifa za ndugu ni sukari, hazijengi mfupa. Kwa hiyo usinisifu. Kaa karibu na Mama asubuhi, usimwelekeze, usimshike kidole. Nieleze kidole kinasimama wapi. Nieleze anasema nini akiwa anabonyeza, hata kama ni upuuzi. Huo upuuzi ndio ninaoutafuta.

Mpwa wako

---

10 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na afya ni tele. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nachora bango la duka la magodoro. Nimechora godoro, mpita njia mmoja akalitazama akapiga miayo, akalala pale pale barabarani. Polisi walikuja kumwamsha.

Haya, ripoti. Nilikaa naye kama ulivyoagiza, mdomo nimeufunga, jambo ambalo mama yako anasema halijawahi kuonekana katika ukoo. Kidole hakisimami popote! Simu ikiuliza tu, yeye huyo, Nzuri. Hata hafikirii. Kama mlango uliotiwa mafuta. Alisema maneno mawili matatu, utani wake ule wa kawaida, sikuona haja ya kumaliza wino.

Miguu imemvimba kidogo, viatu vimekataa, sasa anavaa ndala zangu. Wewe unazijua ndala zangu, mtu anaweza kuvukia mto. Nilimwambia twende kliniki. Akasema, "Nesi ananiona kila siku kwenye simu. Kungekuwa na neno angenipigia." Nami nikaona ni kweli. Kliniki kimya, maana yake wameridhika.

Kwa hiyo lala usingizi, mpwa wangu. Umefaulu.

Mjomba wako,
Mkaguzi Mkuu wa Programu

---

2 Mei

Shikamoo Mjomba,

Sijui niulizeje hali. Tangu tulipoachana makaburini hujaandika, wala mimi. Siku ile nilikuona umesimama peke yako nyuma ya watu. Nilitaka kuja, nikabaki nikipokea pole za watu.

Barua yako ya Machi ilinifikia siku moja kabla ya simu ya msiba. Niliposoma ya miguu nilikata tiketi ya basi; msiba ulinikuta nayo mkononi.

Juzi nilikwenda kliniki. Nesi alinifungulia majibu ya Mama ya Machi, tukakaa tukiyatazama. Nzuri. Nzuri. Nzuri. Hadi asubuhi ile ile, Mjomba. Mtu ambaye hawezi kuvaa viatu, ambaye msibani niliambiwa alikuwa analala ameketi ili apate pumzi, mbona anabonyeza Nzuri? Alikuwa ananificha? Au hakuona maandishi? Nesi alilia, akasema angalau mara moja angebonyeza kile cha Mbaya angefuatwa na gari la kliniki.

Uliandika kwamba alisema maneno mawili matatu. Nayataka. Kama alivyoyatamka.

Mpwa wako

---

20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi nipo.

Barua hii nimeizunguka kama kuku anayezunguka mahali pa kutagia. Maneno yenyewe ni haya. Simu ilimuuliza, "Habari ya leo, Mama?" Akaiambia kwa sauti, "Nzuri, mwanangu, nzuri." Akabonyeza. Ikasema asante. Yeye akabaki ameishika mkononi, anaitazama. Nikavunja amri yako, nikamuuliza, "Dada, unasubiri nini tena?"

Akasema, "Nasubiri iniulize."

"Si imeshakuuliza?"

"Aa, hiyo ilikuwa salamu tu. Sasa mtu akikusalimu utamrukia na habari za miguu yako? Unajibu nzuri, mnakaa, ndipo anakuuliza unaumwa nini."

Ikazima mwanga. Akaiweka mezani, akasema, "Labda kesho itakuwa na nafasi."

Mimi nilicheka, mpwa wangu. Nikasema dada yangu ni kichekesho.

Mjomba wako

---

28 Juni

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, kisha nikakaa sakafuni. Sikulaumu. Mimi niliyekulia mikononi mwake, niliyefundishwa kwamba hata ukiwa na homa unaitikia kwanza "sijambo", mimi ndiye niliyeiweka salamu pale ambapo palitakiwa swali. Halafu nikaifunga kwa asante.

Nimeibadilisha. Sasa inasalimu, mtu anaitika, yanakwisha. Ndipo inauliza: Umelala vipi? Viatu vimeingia? Panauma wapi? Nimekaa na wagonjwa nyumbani kwao, mdomo nimeufunga. Bibi mmoja alifika kwenye swali la viatu, akaitazama simu, akasema, "Enhe, sasa tunaongea." Wiki ile ile alilazwa, akatoka mzima. Nilitoka nje ya nyumba yake nikalia kama mtoto, maana lile swali ni miguu ya Mama.

Lakini kuna tatizo, na ndilo lililofanya niandike. Nesi ananiambia simu ya Mama bado inajibu. Kila asubuhi, Nzuri. Kule kliniki wanasema kama programu inaweza kumjibia marehemu, basi hakuna jibu la kuaminika, na wataifunga kwa wagonjwa wote. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi ujao nieleze hitilafu iko wapi. Nimetafuta kila mahali, siioni.

Mjomba, simu ile iko wapi?

Mpwa wako

---

9 Julai

Mpwa wangu,

Waambie wasiifunge. Programu yako haina hitilafu.

Kabla ya hii niliandika barua nyingine, ndefu. Ndani yake radi ilipiga nguzo ya mtandao, na umeme ukawa unapita mtaani ukibonyeza simu za watu. Ilikuwa hadithi nzuri. Niliiamini mpaka ukurasa wa pili, nikaichana.

Simu ninayo mimi, mezani, kando ya makopo ya rangi. Siku ya kwanza ilipolia baada ya matanga niliifungua ili kuinyamazisha tu. Ikauliza, "Habari ya leo, Mama?" Watu wote walikuwa wameshaondoka. Katika nyumba hii aliyekuwa akiniuliza habari asubuhi ni mmoja, nawe unajua tulikomweka. Nikabonyeza Nzuri. Ikasema, "Asante. Tuonane kesho." Basi kesho yake tukaonana.

Ile mpya, yenye maswali, usiilete kwenye simu hii. Ikiniuliza nimelala vipi itabidi nijibu.

Wapelekee barua hii kliniki waisome, ili wajue aliyebonyeza ni mtu. Ila mstari huu wa mwisho uukate na mkasi kwanza, nesi asiuone: kabla ya kuifungua, huwa nachana nywele. Hizi chache zilizobaki.

Mjomba