Boksi la Monita

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya kukunja vidole hapa Uthiru, jua limegoma kutoka, na mimi nimeamka nikiimba.

Leo wiki yangu ya majaribio inaisha. Muuzaji aliyeniuzia monita mpya ya kompyuta kule mjini alinipa masharti: ikinikataa, niirudishe kabla hajafunga saa tisa leo, ikiwa ndani ya boksi lake. Bila boksi, hakuna mjadala.

Nikiri, siku tatu za kwanza nilijuta. Inchi thelathini na mbili kwenye meza yangu ndogo! Nilikuwa nageuza shingo kushoto kulia kama mtu anayevuka barabara, na dirisha lote likijiangalia humo ndani. Jumatano nikaivuta meza mbali na ukuta, nikaigeuza ili dirisha liwe ubavuni, nikapunguza mwangaza na kukuza maandishi. Tangu siku hiyo kichwa hakijaniuma jioni hata mara moja.

Kazi yangu ni kupanga vijitabu vya harusi na mazishi, na huko kosa halifutiki. Mwezi uliopita, kwenye laptopu yangu ndogo, nilimwacha nyanya wa bibi harusi nje ya orodha ya familia. Nilimwona kanisani, kiti cha mbele, akijitafuta ukurasa baada ya ukurasa.

Nililia.

Tangu hapo nimekuwa nikiiogopa kazi yangu mwenyewe.

Leo asubuhi nilifungua kijitabu cha harusi ya wiki ijayo, kurasa mbili ubavu kwa ubavu, kwa ukubwa wa karatasi yenyewe. Papo hapo nikaona: kwenye picha ndugu ni tisa, chini yake majina manane. Nikampigia bwana harusi, maana orodha aliiandika yeye.

"Ai! Nimesahau lastborn wetu! Huyo angenimaliza!"

Nilicheza peke yangu chumbani.

Lakini mimi na kusitasita ni chanda na pete. Kufika saa sita nikaanza tena: ni kubwa mno, meza haina hata pa kuweka kikombe, labda ndogo ingetosha. Nikaenda stoo kuchukua boksi, angalau liwe karibu.

Halikuwepo. Nililipata jikoni kwa Mama, limetandikwa maranda, balbu inaning'inia juu yake, na ndani vifaranga ishirini wanapiga kelele.

"Mama! Hilo boksi ni la kurudisha monita!"

"Kurudisha? Na vile umekuwa ukiimba tangu Jumatano? Mimi nilijua hiyo kitu haiendi mahali." Hakuinua hata kichwa. "Hebu letea hawa maji."

Saa tisa ilinikuta nimechuchumaa kando ya boksi, nacheka hadi machozi. Kwa nini huwa mimi wa mwisho kujua ninachotaka?

Kesho nikitoka kanisani nitakifungua kile kijitabu cha mwezi uliopita. Nitachapa nakala moja tu, nimpelekee yule nyanya mwenyewe mkononi, jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha.