Maji ya Dumu Jeupe

Mpendwa Baba Neema,

Nisianze kwa kusema sisi huku wazima, wasiwasi ni juu yako tu. Miili ni mizima, moyo wangu ndio hautulii. Barua hii nimeianza mara tatu: mara mtoto ameamka, mara uji umefurika, mara nimeogopa mwenyewe. Leo namaliza.

Unakumbuka ulipoileta ile mota ya umeme ya kusukuma mtumbwi hapa Hombolo? Ilitoka kwenye vyombo vya mitumba vilivyoanza kumiminika mjini baada ya biashara kufunguliwa. Wenzako bwawani wakakucheka, wakauliza kama unakwenda kuvua au kuwapigia perege redio. Ukawajibu kwamba petroli ni ya kutafuta na kelele zinafukuza samaki. Betri ya gari uliikataa. Fundi Yona wa Ihumwa, msimamizi wa ndoa yetu, alikueleza kwamba ya gari hutoa nguvu nyingi kwa mara moja, injini ikishawaka basi. Mtumbwi unataka betri ya sahani nene, itoe polepole asubuhi nzima. Akakutafutia.

Uliitunza kuliko ulivyonitunza mimi nikiwa na mimba, nikakwambia hivyo, ukacheka. Hukuiacha iishe. Ikikaribia nusu unarudi, unaifunga kwenye keria ya baiskeli, unaipeleka kwa Yona ichajiwe siku hiyohiyo.

Na maji yake ya kuongezea! Visima vyetu vina chumvi, na chumvi inaua betri. Mvua ya kwanza uliiacha ipite na vumbi lake. Ya pili ukatandaza shuka safi kwenye miti minne, jiwe katikati, maji yakachuruzika mpaka kwenye dumu jeupe. Hata bati hukutaka liyaguse. Ukalifunga dumu kamba nyekundu shingoni, ukaniambia, "Mama Neema, haya hanywi mtu."

Yalinywewa.

Kiangazi kile Neema alipoharisha, nesi wa zahanati aliniambia nimpe maji ya sukari na chumvi kidogo, ila yasiwe ya kisima chetu, chumvi ingezidi. Wewe ulikuwa bwawani. Mtoto midomo imemkauka, analia bila machozi. Nikakata kamba. Alikunywa siku mbili, akaanza kunivuta nywele, nikajua amerudi. Ulijua aliumwa, hukujua alikunywa nini.

Nikajazia dumu maji ya kisima, nikafunga kamba upya. Nilisema nitakuambia ukirudi. Ulirudi umechoka. Kesho yake ukarudi umefurahi, nikaona nisikuharibie.

Ukaiongezea betri maji yale kwa mkono wako, taratibu, mpaka sahani zikafunikwa, nami nimesimama nakutazama. Kila safari ikapungua nguvu, hadi mota ikakuzimia katikati ya bwawa, ukarudi unapiga kasia kwa kipande cha ubao, wenzako wanakuimbia. Ukaenda moja kwa moja kwa Yona, mbele ya wateja wake, ukamwambia, "Umeniuzia mzoga." Nilikuwa nyuma yako, mtoto mgongoni. Yona alinitazama mimi, si wewe. Nikainamisha uso. Siku ya tatu ukaondoka kwenda Kilombero kukata miwa, ukasema uvuvi basi na rafiki basi.

Juzi nilikwenda Ihumwa kwa miguu, nikamwambia Yona kila kitu. Alikuwa anasugua vichwa vya betri ya mtu kwa maji ya moto, akaendelea kusugua, akapaka grisi, nikadhani hakunisikia. Kisha akauliza, "Shemeji, mtoto alipona?"

Nikasema alipona.

"Basi ile betri ilifia kazini."

Anasema anaweza kutafuta nyingine ya sahani nene, ila hatampa mtu mwingine zaidi yako, na sharti umpe mkono kwanza. Mimi nilikosea kunyamaza, naomba unisamehe. Kumnywesha mtoto sikukosea. Kwa hilo usinisubiri niombe radhi, hata ukirudi umenuna.

Mvua imeanza. Ya kwanza niliiacha ipite, ya pili nikatandaza shuka, jiwe katikati, kama ulivyofanya. Dumu limejaa. Kamba nyekundu nimeitupa, nimechora mstari wa mkaa ubavuni: betri ichote mpaka hapo, chini yake ni ya mtoto.

Njoo. Pitia Ihumwa kabla ya kufika nyumbani.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema