Yaya Lumona Amepata Biro

Kilembwe

Mama mupenzi,

Tua kwanza hicho kikapu cha samaki, ndagala zako, ukae vizuri, juu anayekuandikia ni muntu mukubwa. Toka Kilembwe mpaka Lubondja hakuna kijana mwenye akili kama mimi Asukulu. Majogoo ya huku yanangoja niamke ndipo yawike. Bamama bananiita mushauri. Na yule mwalimu aliyenifukuza darasa la sita, umuambie alifukuza waziri.

Sasa wewe: ule muguu unaendelea namna gani? Mulisharudi nyumba yetu kule Baraka, ama bado munalala kule Swima kwa kuogopa masasi ya bunduki? Mi niko muzima. Nimekonda kidogo, lakini uso ni ule ule muzuri.

Papa Wilondja wa baiskeli alinifikishia maneno yako, na yalinichoma. Ati bantu banakusifu sokoni juu ya kaka yangu, Yaya Lumona, "Mama Direkta, mutoto wako iko na biro ya kazi, anakula nyama," na wewe unajibu: "Ndagala zangu ndizo zilimusomesha. Leo harufu ya samaki inamuchukiza, hatumi hata salamu? Jina lake sitalitaja tena kwa maombi." Mama, ngoja. Unisikilize.

Unakumbuka Yaya Lumona, mutoto wako wa kwanza, alivyorudi toka universite na ile diplome ya pili, ya biashara, ya juu kabisa, akakuta kampuni zote zimefungwa juu ya vita. Tukapanda huku milimani na chumvi ya kuuza kichwani. Mi nilimucheka njia yote: "Yaya, hiyo diplome inabeba kilo ngapi?" Akasema, "Inakubeba na wewe. Songa."

Hapa Kilembwe hakuanza kuuza. Alianza kuuliza! Bamama, karanga munauza siku gani? Nani anapanga bei? Juu ya nini munauza wote siku moja? Mama Sifa, jirani yetu mwenye mudomo mukali, akamuambia: "We mwana, unauliza kama wifi anayetafuta kasoro. Nunua ama pita."

Lakini aliona kitu. Kila mama alikimbia kuuza mara tu akivuna, akiogopa karanga zisiporwe, na banunuzi ba ziwani balijua, bakalipa kidogo. Akabaomba baziweke pamoja, mbali na njia, pahali panapojulikana na benyewe tu, halafu bauze kwa sauti moja. Akaniambia, "Masomo hayakunifundisha kuuza. Yalinifundisha kungoja." Bakangoja. Bei ikapanda mpaka Mama Sifa akacheza katikati ya soko, kitambaa cha kichwa kikaanguka. Toka siku ile bakamuita Direkta, na bantu ba Lubondja bakamuita akabafundishe. Mi nami nikatembea kifua mbele, ungesema diplome ni yangu. Ulisemaka kweli, Mama: masomo yanainua muntu.

Njo bale benye bunduki banaoshika njia bakasikia habari yake. Balisikiaje? Mambo kama hayo yanasikika tu. Tulikuwa tunashuka Lubondja, bakamuchukua, bakamupa kazi.

Biro iko kweli. Nyumba ya mabati, meza, kiti chenye mugongo. Nyama anakula. Lakini kijana wa bunduki anamufuata mpaka chooni. Kazi yake ni kupanga ushuru wa bamama bale bale ba karanga, juu yeye anajua zinapofichwa. Anajaribu kubapunguzia, benyewe hawaoni. Mama Sifa anamupita kama muntu anavyopita mbwa mufu.

Siku za soko naketi mbele ya ile biro na karanga zangu. Siku moja nikashindwa kujizuia, nikamuita, "Yaya!" Akanitazama kama hanijui. "We kijana, ondoka hapa." Yule wa bunduki akamuuliza, "Ni ndugu yako?" Akajibu, "Mi sina ndugu. Sina hata mama."

Alisema hivyo ili basije kukutafuta. Njo maana hatumi salamu. Na mi siwezi kitu. Naketi, nauza karanga, namuangalia akipita.

Unisalimie shangazi Mauwa anayekukanda ule muguu, na babu Etongwe mushona nyavu, umuambie ile sindano yake mi sikuiiba, niliiazima. Riziki, muchumba wa Yaya, umuombe asiolewe kwanza.

Limebaki neno moja, na hili halina kicheko. Siku ile balipomuchukua, tukiwa njiani, Yaya aliniomba: "Tukifika bariyeri, pale banapofunga njia, mi ni mukulima. We funga kinywa." Alivaa koti ya kupasuka. Bakatusimamisha, mumoja akamupiga kofi, akamuita mujinga wa porini. Yaya akainama. Mi nikapaza sauti: "Mujinga nani? Huyu iko na diplome ya biashara, inchi nzima ya Fizi hakuna kama yeye!" Bote bakacheka, isipokuwa mukubwa wao. Akauliza pole pole: "Ya biashara?"

Yaya akanitazama. Halafu akabaambia mi ni mubebaji wake tu, baniache niende.

Basi, Mama, rudisha jina lake kwa maombi. Kama kuna jina la kutoa, toa langu.

Mutoto wako,
Asukulu