Finjani ya Abu Mijbil

Ghadir, uko? Nawras kaniuza. Bosi wangu mwenyewe!

Leo kaja Abu Mijbil, yule mzee tuliyemkatia maji kwa makosa yetu. Nikampa kahawa. Akaiweka mezani, hakuigusa. "Binti yangu, sinywi mpaka nipewe haja yangu."

Nikafanya vilevile kama tulivyofundishwa kwenye mafunzo ya kusikiliza wateja. Sikumkatiza, sikumdanganya. "Ami, mimi siwezi kukuahidi. Ngoja nimwite mkubwa." Si Nawras aliyetuapia kwamba tukiyatumia yale mafunzo atasimama nasi?

Akaja, mkono kifuani. "Kunywa kahawa yako, ami. Haja yako imekubaliwa. Kesho maji yanatoka."

Mzee akanywa! Ghadir, akanywa yote, akaniombea dua mimi na marehemu mama.

Hajafika hata getini, Nawras anacheka. "Umeona? Hivyo ndivyo mteja anavyotulizwa. Mafundi hawaendi kule mwezi huu."

"Lakini amekunywa! Mgeni akinywa, ahadi imefungwa!"

"Kahawa tu hiyo, Rudaina. Usinikuzie mambo."

Kahawa tu! Mtu aliyezaliwa Karak, aliyeposewa mke kwa finjani iliyowekwa mezani vivyo hivyo, ananiambia kahawa tu! Na mzee kesho atakuja kuniuliza mimi, maana uso alioamini ni wangu.

Sasa sikia. Jumapili Nawras ana mafunzo mengine, wakubwa wote watakuwepo. Anataka nisimame niseme jinsi yalivyonisaidia.

Nimekubali. Atanikaribisha kahawa mbele yao, na mimi nitaiweka mezani.