Matangazo ya Ndoa Yetu

Kalangalala, Geita
Juni 2024

Mpendwa Dada Mageni,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto mnaamka salama hapo Isaka, na kwamba kifua cha mdogo kimetulia licha ya vumbi la malori. Sisi huku wazima. Hii ni wiki ya sita ya ndoa na bado naamka mapema nimtazame Donatus akiwa amelala. Dada, ni mzuri mpaka kope. Furaha naiona kabisa, imekaa mbele yangu. Mwilini ndiyo siisikii, kama mguu uliokufa ganzi.

Uliuliza kwa nini shemeji yako ameacha karakana ya Mzee Kamili. Hakuacha. Aliondolewa Jumatatu, siku moja baada ya matangazo yetu ya kwanza kanisani. Padri alisoma kwamba Donatus ni wa parokia moja ya Muyinga, Burundi, na Mzee Kamili alikuwa benchi la tatu. Miaka minne alimjua kama Muha wa Kasulu. Hakumfokea. Alimwambia hana fundi mwingine kama yeye, ila faini ya kuajiri mgeni asiye na kibali itamfilisi. Akampa koleo lake mwenyewe, zawadi ya harusi.

Donatus alizunguka sana kutafuta kazi. Wenye makarasha ya kusagia mawe waliomba namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kabla hata hajamaliza kuwasalimu. Mmoja alimkubali kwa nusu mshahara, akicheka kwamba Mrundi hana pa kushtaki. Ndipo akajenga tanuru uani kwetu, akafunga mvukuto kama wa baba yake, akaanza kunoa moko, zile patasi ndefu za wachimbaji. Leseni ina jina langu, na maombi ya kibali chake yako uhamiaji. Nilimwuliza kama hatamani kuajiriwa tena. Akasema mwenye moko butu haulizi fundi kazaliwa wapi, anauliza itakuwa tayari saa ngapi.

Dada, haya yanayofuata usimsomee Mama.

Kwenye fomu ya ndoa Donatus aliandika Kasulu kwa penseli, akanipa nipeleke kwa katekista. Nilikaa nyuma ya kanisa nikafuta, nikaandika parokia yake ya kweli. Sikuogopa kudanganya madhabahuni. Nilitaka watu wa parokia ya kule Muyinga waandikiwe, waseme kama ana mke. Jibu lilikuja kwamba hana kizuizi chochote. Nililisoma kama ninavyosoma risiti ya umeme.

Yeye anaamini aliyemtaja kwa padri ni Onesmo, fundi mwenzake, maana mbali na mimi ndiye pekee aliyejua. Onesmo alituletea kuku wa pongezi. Donatus akamrudisha mlangoni na kuku wake. Nilikuwa nimesimama pale na kisu cha vitunguu, nikarudi jikoni kumalizia kukata.

Juzi amepaka kibao rangi, akaandika SALVINA MOKO. Nikamwambia leseni haidai jina langu litundikwe barabarani. Akanijibu akiendelea kupaka, "Nchi hii nzima, ni wewe tu hukuniuliza nimetoka wapi."

Sasa ananiona naandika, anadhani nakusimulia gauni la harusi. Nitamwambia kesho, kabla hajawasha moto. Nimekuandikia wewe kwanza ili awepo mtu wa kuniuliza kama nilimwambia.

Msalimie shemeji, uwakumbatie watoto. Donatus naye anasema nikusalimu sana.

Mdogo wako,
Salvina