Vidonge vya Mama Bura

Jumanne. Upepo wa mlimani toka asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Sina raha.

Naandika nimesimama. Nikikaa miguu inaanza.

Kwa asiyejua, hii miguu yangu haiumi. Ingeuma ningejua la kufanya. Ni kama wadudu wanatembea ndani ya mfupa, na wanatulia ukitembea tu. Ukikaa wanaanza. Ukilala ndiyo kabisa. Kanisani nasimama nyuma na wanaume waliochelewa.

Kazi yangu sasa hivi ni kuchambua maharage Katesh, kwenye stoo ya Mama Swaumu. Kulima siwezi tena, mgongo ulishakataa. Kuchambua ni kazi ya kukaa. Unakaa chini kwenye gunia tupu, ungo mapajani, unatoa mawe na yaliyooza mpaka jioni. Sasa mtu asiyeweza kukaa anafanya nini pale?

Wenzangu wananicheka. Nikiinuka wanasema Mama Tluway anakwenda mnadani. Mama Swaumu yeye hacheki. Wiki iliyopita alinifuata mlangoni.

"Mama Tluway, mimi nimeajiri mikono. Miguu yako ikiendelea hivi nitaweka mtu mwingine."

Alisema kwa upole. Ndiyo mbaya zaidi. Nikifukuzwa pale sina kazi nyingine ambayo mwili wangu unaiweza.

Sasa Mama Bura.

Anakaa pembeni yangu. Ni mtu wa Mogitu, mcheshi, ana mume. Na alikuwa na miguu kama yangu. Tulikwenda zahanati siku moja, tukapimwa damu siku moja, tukaambiwa maneno yale yale. Damu ni kidogo, na damu ikipungua miguu inaweza kukosa utulivu. Tukapewa vidonge vyekundu vya kuongeza damu, vya miezi mitatu, kila mtu na bahasha yake.

Baada ya mwezi na kidogo Mama Bura akapona. Anakaa ametulia tuli, anamaliza ungo wa tatu mimi niko kwenye wa kwanza. Mimi bado nahangaika.

Nilimwonea wivu. Siyo kidogo.

Na wivu wenyewe haukuanza na vidonge. Ulianza na mume wake. Wakati bado anaumwa alikuwa anatusimulia stoo nzima kwamba usiku Baba Bura anamkanda miguu na samli mpaka anasinzia. Wenzetu wakapiga vigelegele. Mimi nikauliza ni samli ya wapi. Sikuwa na shida na samli.

Mume wangu ana miaka minne kaburini. Miguu yangu naikanda mwenyewe.

Basi nikaanza kuwaza. Nikasema huyu kapewa dawa yenye nguvu, mimi nimepewa ya zamani. Nesi kamwona ana mume anamsubiri nje na pikipiki, akampa nzuri. Mjane nani anamwogopa?

Nikafanya kitu. Nakiandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu.

Mikoba yetu tunatundika kwenye misumari nyuma ya mlango. Siku moja Mama Bura katoka kwenda chooni, nikachukua vidonge vyake nikatia kwenye bahasha yangu, vyangu nikatia kwenye yake. Vinafanana kila kitu. Nikarudi kwenye ungo wangu, aliporudi nikamsogezea gunia akae.

Wiki tatu nimemeza vidonge vya Mama Bura. Hakuna kitu. Yeye kameza vyangu na kaendelea kukaa vizuri. Ningekuwa na akili ningeelewa hapo. Sikuelewa. Nikazidi kumchukia. Nikasema mwili wake hata dawa mbovu inaukubali.

Leo saa nne tukaletewa chai. Nikatoa kidonge nikamezea chai kama siku zote. Kwetu Tlawi dawa inamezwa na kitu cha moto. Maji ya kule asubuhi yanauma mpaka masikio, mama yangu hakuwahi kutupa dawa na maji baridi. Chai ya maziwa, kidonge, basi.

Mama Bura akaniangalia.

"Dada, unamezea chai?"

Nikamwambia sasa nimezee nini, pombe? Watu wakacheka.

Yeye hakucheka. "Si nesi alitukataza? Alisema chai inazuia hii dawa isiingie kwenye damu. Maji tu, na chai ukae nayo mbali. Si tulikuwa wote pale?"

Tulikuwa wote, kweli. Lakini najua nilikuwa naangalia nini. Nesi anaongea, mimi nimegeukia dirishani. Baba Bura alikuwa nje. Alivua koti lake akafuta vumbi kwenye kiti cha pikipiki ili mke wake akae. Niliangalia mpaka alipomaliza. Nesi akauliza tumeelewa, nikasema ndiyo.

Miezi miwili nimemeza dawa bure kwa sababu ya kuangalia mume wa mtu.

Haikuishia hapo. Mama Bura akainuka akaenda kwenye mkoba wake akaja na bahasha. Akasema jana nesi kampima tena, damu imetosha, ameambiwa aache. Nichukue vilivyobaki niongeze na vya kwangu, nianze upya na maji.

Nikapokea kwa mikono miwili. Vidonge vyangu mwenyewe. Nikasema asante, Mungu akubariki.

Halafu akaenda kwa Mama Swaumu kuniombea. Sikumtuma. Niliwasikia wanaongea nyuma ya magunia, na huyo Mama Bura anamchekesha tajiri mpaka akalegea. Nimepewa mwezi mmoja. Ndani ya huo mwezi naruhusiwa kuchambua nikiwa nimesimama kwenye meza ya mizani. Mwezi ukiisha sijaweza kukaa, basi.

Kwa hiyo kazi ninayo, na dawa ninayo, na vyote vimetoka kwake. Mtu angefurahi. Mimi nilitembea kutoka Katesh mpaka nyumbani Nangwa nimekunja uso. Hata kunisaidia anajua. Mimi ningekuwa yeye nisingeinuka.

Jioni hii nimemeza cha kwanza na maji. Yameniuma kifua. Miguu haijui kama kuna kitu kimebadilika, inaendelea tu.

Nimefikiria kunyamaza. Vidonge ni vile vile, hajadhurika, hatajua. Lakini kesho nitasimama kwenye ile meza siku nzima na yeye atakuwa chini pale ananitazama, ananiuliza naendeleaje. Siwezi mwezi mzima.

Kesho asubuhi namwambia, kabla wenzetu hawajafika. Akinitukana, matusi nayaweza. Akienda kumwambia Mama Swaumu, nitafukuzwa na itakuwa haki yangu.

Ila namjua yule mama. Hatatukana. Atanisamehe hapo hapo, ameshika ungo wake, na usiku atamsimulia mume wake wacheke wote wawili.

Na hapo pia atakuwa amenishinda.