Zamu Yetu ya Mabati

Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa ndani ya nyumba, chini ya paa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua lingekuwa swali lako la kwanza.

Unaukumbuka mchezo wetu wa mabati, sisi wanawake wa hapa Itaka? Kila tukiuza kahawa tunachanga, msimu huu mabati yanakwenda kwa mmoja, msimu ujao kwa mwingine. Ulikuwa ukitutania kwamba tunacheza kama watoto, lakini zamu yetu ilipokaribia ulipima paa kwa kamba, kesho yake ukapima tena. Halafu jirani yetu Mama Tabu akajifungua mapacha kwenye nyumba ya nyasi, ukaniambia tumpishe.

"Sisi tumezoea kuvuja, mke wangu," ulisema, ukacheka. Nami nikacheka. Tukampisha.

Masika yaliyofuata mto ulifurika. Nyumba ya Mama Tabu, iliyo juu kidogo, ilisimama. Zetu za matofali mabichi zilianguka, na yetu ikakuangukia wewe. Msibani watu walikuwa wananitazama wakingoja nilie, nami nilikuwa nawaza nani amechukua sufuria yangu kubwa.

Mchezo nao ukafa. Tulikuwa tumezoea shida inayobisha hodi nyumba moja moja. Hii ilikuja kwetu sote pamoja, hakuna aliyebaki na cha kumchangia mwenzake.

Tukasikia kuna mkopo wa nyumba za bei nafuu kwa walioathirika na mafuriko. Nikaenda Tunduma. Kijana wa mikopo aliniamkia vizuri, akanionyesha mchoro wa nyumba ya vyumba viwili. Ungeyapenda madirisha yake. Akaomba dhamana, nikamtajia shamba la kahawa.

"Shambani kuna nini kingine, mama?"

"Kuna mume wangu."

Akaacha kuandika. Nikamweleza kwamba tumekuzika kule juu, kwenye mikahawa uliyoipanda mwenyewe. Akanipa pole, halafu akasema kaburi halizuii mkopo. Labda nikishindwa kurejesha na shamba likauzwa, hapo nitazungumza na mnunuzi. Alisema kwa adabu kabisa. Nilikaa nikiangalia dirishani foleni ya malori ya mpakani mpaka akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nikarudi bila kusaini, mimi na Neema tukaendelea kulala chini ya turubai.

Nilijaribu kumchukia Mama Tabu, sikuweza. Sikuweza kuhisi kitu chochote, hata njaa nilikuwa nakumbushwa na mtoto.

Asubuhi moja nikasikia nyundo. Mume wa Mama Tabu alikuwa juu ya paa lake, anang'oa misumari. Wamehamia wote kwenye chumba kimoja, pamoja na mapacha wao, na mabati ya upande wa pili wakayabeba vichwani hadi kwangu.

"Usinikatalie, Mama Neema," Mama Tabu aliniambia. "Hii ilikuwa zamu yenu."

Wanawake wengine nao wakaja, huyu na bati moja, yule na kipande. Kuta tukazipandisha pamoja kwa matofali tuliyochoma wenyewe. Nilimshukuru kila mmoja. Nilijua hapo ni mahali pa kulia, machozi hayakuja.

Mabati haya yana matundu ya misumari ya zamani. Fundi ameziba mengi kwa lami, mengine yamemshinda. Jana usiku mvua ilinyesha. Neema alikuwa pakavu. Kitanda ni kilekile, tulikifukua kwenye tope, na upande unaovuja ni wangu. Nikavumilia, si tumezoea? Halafu nikachoka, nikasogea upande wako, ambao sijaulalia tangu uondoke.

Ulikuwa mkavu, Baba Neema. Hapo ndipo nilipolia.

Pumzika. Shamba bado ni letu.

Mkeo,
Mama Neema